Kila Tumbo Nakuru Ni Taifodi

Leo hakuna skiti. Najua wengi wenu mnanifuata juu ya zile video za makanga wa Kaptembwo, na zitarudi wiki ijayo. Lakini hii stori nimeikalia miezi minne sasa, na kila nikishika simu nirekodi kitu cha kuchekesha, narudi kwa ule usiku. Kwa hivyo wacha niiseme.

Mpwa wangu tunamuita Chifu. Si jina la cheti. Alilipata juu ya kitambi chake, na vile anakaa kwa mkeka akikuangalia kama anangoja umletee kesi. Wakati huo alikuwa na miezi 7. Mimi nakaa na dada yangu tangu niache chuo, chumba kimoja na pazia katikati, kwa hivyo Chifu akilia, sote tuko macho.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili usiku. Chifu alikuwa ametoka tu kwa mafua ya wiki iliyopita. Akashtuka usingizini akapiga nduru. Hii haikuwa ile ya njaa, hii nilikuwa sijawahi kuisikia. Akakunja magoti hadi kifuani, uso ukapauka, halafu baada ya dakika kama 2, kimya. Akanyonya kidogo. Hata akanitabasamia. Dada akasema labda ameota vibaya. Baada ya dakika 20 hivi, nduru tena, magoti tena.

Dada akaniambia, "Wewe uko na bando, hebu angalia mtoto akilia hivi ni nini."

Nikaangalia. Kila mahali niliposoma waliniambia gesi. Nikamwambia, "Ni gesi," kwa sauti ya mtu aliyesomea hiyo maneno. Akaniuliza kama twende hosi. Nikamwambia saa hizi boda atatuitisha pesa mob, tungoje kukuche. Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka 6, lakini kwa mambo ya simu ananiamini mimi. Akangoja. Tukampa dawa ya gesi, tukamsugua mgongo, tukamtembeza kutoka mlangoni hadi kwa pazia. Akatapika maziwa. Usiku wote ukaenda hivyo: nduru, kimya, nduru, kimya.

Kile sikujua ni hiki. Ile hali ya mtoto mchanga kulia jioni bila sababu, ile watu huita koliki, kwa kawaida huisha akifika miezi 3 au 4. Mtoto wa miezi 7 aliyekuwa sawa mchana, akaanza ghafla kulia kwa vipindi, hiyo si gesi ya kungojea asubuhi. Lakini ningejuaje? Nilikuwa nimeandika kwa simu "mtoto analia tumbo", na simu hujibu swali lile umeuliza. Sikuandika "analia, ananyamaza, analia tena."

Asubuhi tukaenda kliniki ya mtaani. Sitaitaja, na ukiniuliza nitakataa, kwa sababu ingeweza kuwa yoyote. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipofika kwa yule jamaa, dada akasema, "Mtoto anaumwa na tumbo, anatapika." Hakusema zaidi, na hakuulizwa zaidi. Chifu akadungwa kidole, tukangoja, tukapewa karatasi. "Taifodi iko, lakini ni kidogo."

Kama umekulia hapa Nakuru unaijua hiyo sentensi. Mimi mwenyewe nimeambiwa nina taifodi kidogo mara nne maishani. Mama yangu ameambiwa. Mwalimu wangu wa darasa la sita aliambiwa kila muhula. Ikikosa kuwa taifodi ni ameba, ikikosa kuwa ameba ni minyoo. Tumelipa shilingi 1,500, tukapewa chupa mbili za dawa ya maji, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha. Naapa, furaha. Tulikuwa na jina.

Mchana Chifu akanyamaza. Hakulia tena. Akawa amelala tu kwa bega la dada, mkono unaning'inia. Nikamwambia dada, "Unaona? Dawa imeanza kufanya kazi." Hiyo ndiyo sentensi inayoniamsha usiku.

Aliyetuokoa ni shosho wa nyumba ya pili, anayeuza sukuma pale kwa geti. Alikuja kuulizia mtoto. Akamshika Chifu, akamwinua, kichwa kikaenda upande. Akamwambia dada, "Mama, huyu mtoto halali. Mtoto anayelia bado ana nguvu. Akinyamaza hivi ndio uogope." Hakungoja tujibu. Alitoka akaita boda mwenyewe.

Tulifika hospitali kubwa kama saa kumi jioni. Karibu masaa 20 tangu ile nduru ya kwanza. Na hapa ndipo nataka uskie vizuri, kwa sababu kilichotokea hakikuwa muujiza wala mashine ya mamilioni. Nesi mmoja, mama wa makamo, alimwangalia Chifu akaacha kuandika. Akauliza dada:

"Mama, analia aje?"

"Analia tu, sista."

"Hapana. Analia mfululizo ama analia akiacha?"

"Anaacha. Halafu anaanza tena."

"Baada ya muda gani?"

"Kama dakika 20. Lakini leo mchana ameacha kabisa."

"Akilia anafanya nini na miguu?"

Dada akakunja mikono kifuani kumwonyesha.

"Ametapika rangi gani?"

"Jana maziwa. Leo kama kijani."

"Tangu jana mmefungua daipa mkaangalia?"

Tulikuwa tumebadilisha daipa asubuhi na mapema, gizani, kwa mwanga wa simu. Nesi akamvua Chifu nguo zote. Kwenye daipa kulikuwa na kitu kama jemu nyekundu, ile ya kupaka mkate, imechanganyika na kamasi. Akaweka mkono kwa tumbo pole pole, upande wa kulia, akabonyeza, akamwita daktari. Haikuchukua dakika 5. Maswali manne, daipa moja, mkono mmoja.

Kisha ultrasaundi. Daktari alituonyesha kwa skrini: duara ndani ya duara, kama donati. Akavuta mkono wa sweta yake ndani, sehemu moja ikaingia kwa nyingine. "Utumbo wake umejimeza hivi," akasema. Kitaalamu inaitwa intasasepsheni. Kipande cha utumbo kinateleza kinaingia ndani ya kipande kinachofuata. Kila utumbo ukisukuma chakula, mtoto anaumwa, halafu unatulia, halafu unasukuma tena. Ndiyo maana kilio kina vipindi. Damu inabanwa, utumbo unavimba, ule ukuta wa ndani unaanza kutoa damu na kamasi, na hiyo ndiyo jemu. Ukiendelea kubanwa, unakufa. Na mtoto akishachoka na sumu kuanza kuingia mwilini, ananyamaza.

Ukiwahi mapema, mara nyingi hakuna haja ya kisu. Mahali penye vifaa na wataalamu, wanapitisha hewa au maji kwa njia ya haja kubwa, polepole, huku wakiangalia kwa mashine, na utumbo unasukumwa nje unarudi mahali pake. Sisi tulikuwa tumechelewa. Tumbo lilikuwa limeanza kukaza. Chifu aliwekewa dripu, akaongezewa maji, akaingizwa thieta usiku huo. Kipande kifupi kilikuwa kimeshakufa. Wakakikata, wakaunganisha sehemu nzima mbili.

Dada alikaa kwa benchi bila kusema kitu. Kisha karibu saa sita usiku akaniambia, "Kwani ni ile chanjo?"

Nilijua ameitoa wapi. Kuna sauti ilikuwa imezunguka kwa magrupu ya kina mama ikisema chanjo ya rota, ile ya matone ya kuzuia kuhara, inafunga watoto utumbo. Safari hii sikumjibu kwa sauti ya msomi. Nilimwambia sijui, tutauliza. Tukauliza, halafu mimi nikaenda kusoma kwa wiki nzima.

Hii ndiyo stori kamili. Mwaka 1998 Marekani ilianza kutumia chanjo ya rota iliyoitwa RotaShield, na ikaonekana inaongeza hatari ya hii intasasepsheni, kama mtoto 1 kwa kila 10,000 hivi. Mwaka 1999 ikaondolewa sokoni. Kwa hivyo uvumi haukutoka hewani. Lakini chanjo zilizokuja baadaye ni nyingine. Kenya ilianza chanjo ya rota Julai 2014, na kwa sababu ya ile historia, madaktari katika nchi 7 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, walifuatilia watoto waliopata ugonjwa huu. Matokeo yalitoka 2018: walihesabu watoto zaidi ya 700, na hawakuona hatari ikiongezeka baada ya chanjo. Kuna nchi nyingine zilizoona ongezeko dogo sana. Upande wa pili wa mizani kuna kuhara, ambako kumeua watoto wengi wa bara hili. Na ugonjwa wenyewe ulikuwepo kabla ya chanjo yoyote ya rota. Kwa wastani duniani, kwa kila watoto 100,000 walio chini ya mwaka 1, kama 74 huupata kwa mwaka, hasa kati ya miezi 4 na 9. Mara nyingi hakuna anayejua kwa nini huyu na si yule. Wakati mwingine mtoto alikuwa na mafua siku chache nyuma, tezi za utumbo zikavimba.

Tulikaa wodini siku 9. Kitanda cha pili kulikuwa na kijana wa kama miaka 6, amefanyiwa upasuaji wa shida ileile. Lakini kwake daktari hakuridhika na kurudisha utumbo tu. Alitueleza kwamba mtoto mkubwa utumbo wake ukijimeza, lazima uulize ni nini kimeuvuta. Walikuta uvimbe. Kipande kikaenda maabara, jibu likarudi: limfoma ya Burkitt. Ni saratani inayokua haraka sana, ila pia ni mojawapo ya zile zinazosikia dawa vizuri, ikishikwa mapema. Baba yake aliniambia walikuwa wamezunguka kliniki tatu. Zote tatu taifodi.

Hilo jina Burkitt nikalitafuta, na kumbe stori yake ni ya hapa kwetu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto aliyevimba mataya pande zote. Watoto wa aina hiyo walikuwa wameonekana kabla, na kila daktari alitazama taya, au tumbo, au figo, akaandika lake. Burkitt akarudi kwa mafaili ya hospitali akaona kitu: watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mahali pengine mwilini, tumboni kukiwemo. Ulikuwa ugonjwa mmoja ukiitwa kwa majina mengi. Akaandika mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari wakazunguka kama kilomita 16,000 kupitia hospitali za Afrika mashariki na kusini, wakiuliza tu: mmewahi kuona mtoto kama huyu? Alitumia mafaili, barabara na swali. Kutokana na hiyo kazi, mwaka 1964 wanasayansi London walipata virusi vya Epstein-Barr kwenye sampuli zilizotoka Uganda.

Sasa turudi mtaani, kwa ile karatasi ya "taifodi kidogo". Kile kipimo kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti mdudu wa taifodi mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani wale askari mwili hutengeneza ukikutana na mdudu. Askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu mwaka jana, au wametokana na chanjo, au ni wa mdudu mwingine wa familia hiyo. Kwa hivyo mahali kama hapa ambapo taifodi ipo, karatasi moja ya Widal inaweza kuonyesha "kidogo" kwa mtu ambaye taifodi si shida yake leo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, na kinachukua siku na pesa.

Usinielewe vibaya. Taifodi ni ya ukweli na inaua, inaweza hata kutoboa utumbo. Na sina beef na yule jamaa wa kliniki. Matumbo mengi anayoyaona hupona, kwa dawa au bila dawa. Shida si kwamba alisema taifodi. Shida ni kwamba baada ya kusema taifodi, hakuna mtu aliyeendelea kuuliza. Yeye aliacha, dada akaacha, mimi nikaacha. Na tuseme ukweli, sisi wateja ndio tunataka hivyo. Daktari akikwambia, "Bado sijajua, mrudishe jioni nimwangalie tena," si utatoka ukisema huyu hajui kazi? Tunalipia jina. Na jina likishapatikana, hata mtoto akilegea mkononi mwako unaona ni dawa inafanya kazi.

Kwa hivyo hii ndiyo sababu nimeandika. Wengi wenu hamna watoto. Lakini ni nyinyi mnaoulizwa, kama nilivyoulizwa mimi, "wewe uko na bando, hebu angalia." Ukiulizwa, usianze na simu. Anza na mtoto. Kilio kinakuja kwa vipindi? Mvue nguo zote, angalia tumbo, angalia kinena kama kuna uvimbe mgumu, fungua daipa mahali pana mwanga. Kisha ondoka usingoje asubuhi kama mtoto mdogo anatapika kijani, kama kuna damu kwa choo, kama tumbo limekaza au limevimba, au kama alikuwa analia na sasa amelegea. Kutapika kijani kwa mtoto mchanga wa siku chache ni dharura peke yake, hata kama anaonekana sawa, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umejizungusha wote. Kama kuna njia ya kufika hospitali yenye daktari wa upasuaji, nenda huko moja kwa moja. Watu wa Molo, Kuresoi na Mogotio wanajua hiyo safari ni ndefu, ndiyo maana ni vizuri uanze mapema.

Na kuna tumbo ambalo si tumbo. Mtoto anayekunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana, amekonda, halafu anaanza kutapika na kuumwa tumbo, apimwe sukari, tone moja la kidole. Mtoto mwenye homa anayepumua haraka anaweza kulia tumbo na kumbe ni nimonia ya chini ya pafu. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali ya tumbo. Na wewe boy wa miaka 14 unayesoma hii: ukipata maumivu ya ghafla chini ya tumbo, angalia korodani. Ikiwa moja imevimba, inauma au imepanda juu, mwambie mtu mzima hapo hapo, hata kama unaona aibu. Inaweza kuwa imejisokota, na una kama masaa 6 tu kabla haijaanza kufa. Wengi husema "tumbo" kwa sababu hawataki kusema pale panapouma.

Ukifika kwa daktari, usiseme tu "anaumwa na tumbo." Sema yalianza saa ngapi, yanakuja aje, rangi ya matapishi, rangi ya choo. Kama daipa ina kitu, ibebe kwa mfuko umwonyeshe. Na akikupa jina, muulize kwa heshima, "Daktari, inaweza kuwa nini kingine? Na nikiona nini nirudi?" Hayo maswali mawili hayalipiwi. Daktari mzuri hatakasirika.

Chifu sasa ana miezi 11. Anasimama akishika meza, ana alama ya mshono upande wa kulia, na kitambi kimerudi. Dada hajawahi kunilaumu. Niliwahi kumwambia pole kwa ule usiku, akasema, "Sote tulikuwa pale." Lakini juzi Chifu alilia usiku, na kabla dada hajanigeukia, nilikuwa nimeshawasha stima na kufungua daipa. Ilikuwa kawaida tu. Alikuwa na njaa.

Shosho wa sukuma hana simu ya intaneti, hatasoma hii. Nimemwambia nimemuandika. Akaniuliza kama nimeandika kwamba sukuma ni shilingi 20.

Ni shilingi 20. Pale kwa geti.